Sitini na Wanne, Wote Wapo

Mwalimu mkuu wetu, Kelvin, ana miaka thelathini na minne na anapenda sherehe kuliko kazi. Mwezi wa pili alinikabidhi daftari jipya, akaniagiza niandike historia ya shule kwa ajili ya maadhimisho ya miaka tisini. Kurasa kumi na mbili, zisizidi.

"Andika yanayotia moyo, Mwalimu," aliniambia. "Wageni wanatoka mpaka Morogoro. Mambo ya viboko yaruke."

Nilimjibu kwamba ukiruka viboko katika historia ya Shule ya Lukwembe utabaki na jalada tu. Alicheka sana, akaenda zake kutafuta maturubai. Sherehe ilifanyika, wageni walikula pilau, na kurasa zangu kumi na mbili hazikuonekana. Kelvin mpaka leo ameninunia. Sikumweleza sababu, kwa kuwa yeye angeniuliza kama inatia moyo.

Kazi hiyo niliipokea kwa majivuno, nisidanganye. Baba yangu, Mzee Mudi Kibwana, mwalimu mstaafu anayeishi Mikumi, alisoma hapo enzi za Mwingereza. Ndiyo maana miaka kumi na moja iliyopita niliomba uhamisho, nikaacha Mikumi penye lami na umeme nikaja kukaa huku ng'ambo ya mto Mkondoa, maili tisa kutoka Kilosa mjini. Wenzangu waliniona nimerogwa. Baba mwenyewe alinuna wiki nzima, nami nikadhani anaogopa nitapata malaria.

Kuhusu shule alikuwa anasimulia kidogo mno. Waliamshwa kwa kugonga kipande cha reli. Walikula ugali wa mtama. Walichapwa wakisikika wanaongea lugha za kwao. Ukimuuliza zaidi anainuka kwenda kutawadha, hata kama adhuhuri bado iko mbali. Ndugu zake, alituambia, waliisha wote kwa ndui. Tulikua bila shangazi wala baba mdogo, na sikukuu zote tulikwenda kwa watu wa mama.

Shule yenyewe ilijengwa mwaka 1934 ili serikali ipate makarani na wasaidizi wa majumbe. Ilikuwa ya bweni, ya wavulana, darasa la tano mpaka la nane, nao walichaguliwa mmoja mmoja kutoka vijijini. Kuta zake ni nene, hata bomba la maji tulishindwa kulipitisha. Stoo kuna sanduku la bati, na ndani ya sanduku mna rejista za zamani pamoja na kitabu kikubwa cha kumbukumbu ambacho mwalimu mkuu wa siku hizo, Mwalimu Ditram, alikiandika kila siku kwa miaka tisa. Mwandiko wake ni mzuri ajabu. Nimefundisha watoto kuandika miaka ishirini na moja na sijapata hata mmoja wa kumfikia.

"Mvua. Wavulana wamelima shamba la walimu." "Viboko sita kwa kusema lugha ya nyumbani." "Homa bwenini. Mmoja amefariki." "Ijumaa, Oktoba 9, 1953. Wavulana wamechimba mchanga mtoni." Siku mbili zilizofuata hazina kitu. Kisha Jumatatu, tarehe 12, kuna maneno machache ya Kiingereza kwa mkono wa mkaguzi, Mzungu: amehesabu wanafunzi, sitini na wanne, wote wapo.

Maneno hayo nilivutiwa nayo. Nilipanga niyaweke mbele kabisa, ukurasa wa kwanza, yasomwe kabla ya kitu chochote. Shule inayojua watoto wake wote, niliwaza. Katika rejista ya mwaka huo nilimkuta baba: Muhamedi bin Kibwana, wa Masanze, baba amekufa, mama yu hai. Nilimpapasa pale kwenye karatasi kama mtoto mdogo. Nikapanga nimshtukize mzee wangu kwa furaha. Nitakwenda Masanze nitafute japo kiwanja chao cha zamani, nipige picha, nimpelekee.

Nilipanda bodaboda mpaka Masanze, na mtu wa kwanza niliyemuuliza alinijibu bila hata kuwaza. "Kwa akina Kibwana? Bibi yao yupo, Bibi Siwema. Nyumba ile yenye mkorosho."

Mimi pia naitwa Siwema. Nilisimama pale barabarani nikitafuta namna ya kuelewa. Ndui imekula ukoo mzima, halafu kuna bibi aliyebaki mwenye jina langu.

Nilimkuta ameketi mkekani mlangoni, miguu imevimba, macho yote mawili yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alikuwa na miaka themanini na minane, ndivyo mjukuu wake alivyonieleza kabla ya kutuacha.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe? Sauti siijui."

"Ni mwalimu, natoka Lukwembe. Naandika historia ya shule. Nimeona kwenye vitabu kwamba kuna mtoto wa nyumba hii alisoma pale, Mudi Kibwana."

Uso wake ulijifunga. "Huyo hatajwi hapa."

"Alifanya nini, bibi?"

Nilidhani hatajibu. Lakini kitu kilichozuiwa muda mrefu kikipata tundu kinatoka chote, na bibi yule alikizuia miaka sabini.

"Alikuwa mdogo wangu wa mwisho," alisema. "Mgongo huu ndio uliomlea. Nikichemsha boga namwachia yeye ganda la juu lenye nyama, mimi nakula mbegu. Wakaja watu wa jumbe, wakasema ana akili, achukuliwe. Mama akampeleka kwa miguu, siku nzima. Likizo ya kwanza hakurudi. Tukaambiwa wanamhitaji kwa kazi za shule. Mama akaona basi, nitakwenda mimi. Akafika na boga lake kichwani, akaambiwa asubiri nje ya mlango wa ofisi. Mlango umefungwa. Akamsikia mwanawe ndani anasema, 'Nenda nyumbani, mimi nina masomo.' Kwa Kiswahili!"

Aligonga mlango wake kwa kifundo cha kidole.

"Mama yetu Kiswahili alikisikia kwa shida. Akamsemesha Kisagara pale mlangoni, anambembeleza, atoke amwone tu. Mtoto akarudia yale yale, Kiswahili kile kile. Mwaka mmoja tu ashaona lugha ya mama yake inanuka. Mama alimnyima radhi palepale, mlango ukiwa umefungwa. Akarudi na boga lake. Tangu siku hiyo jina halikutajwa, na mama amekufa hajalitengua neno lake. Mimi ndiye niliyemwosha. Kila mwaka tukisoma hitma tunataja wafu wetu mmoja mmoja, yeye hayumo. Tukiwaombea wazima, hayumo vilevile. Tulisikia alikuwa mwalimu mkubwa huko. Sawa. Na akae nao ukubwa wake."

Nilimwona baba yangu, mzee mpole anayewapa nyani mahindi yake kwa sababu eti nao wana njaa, nikamwona akiwa nyuma ya mlango anamfukuza mama yake. Nilimchukia, na nilijionea aibu kwa damu yake iliyomo ndani yangu. Nilitamani kuondoka kabla sijaulizwa jina.

"Na wewe unaitwa nani, mwalimu?"

Ningeweza kusema lolote. Lupita, Neema, lolote lile. "Naitwa Siwema."

"Ah. Somo wangu. Siwema wa nani?"

"Siwema Mudi Kibwana."

Akanyoosha mikono, akaushika uso wangu, akaupapasa paji, pua, kidevu.

"Alikupa jina langu," alisema. "Alikupa jina langu mimi."

Akalia. Sijawahi kuona mtu mzima wa umri ule akilia kwa furaha, na sitaki kuona tena. Alinivuta mpaka kichwa changu kikawa kifuani kwake, ananiita somo, ananiita mwanangu, anamwita na mdogo wake kwa majina ya utotoni. Kumbe hakunisahau, alirudia. Kumbe hakunisahau, Mudi.

Nilipoinuka alinishika mkono akanipa agizo. "Mwambie aje. Radhi ya mama aliniachia mimi, hakuna mwingine aliyebaki wa kuitoa. Nitampa kabla sijaondoka. Na asikawie. Hospitali wamenirudisha nyumbani, na kwa umri wangu najua maana yake."

Mambo ya radhi kwa watu wa huku hayamalizwi kwa simu. Mwenye kuitoa anajaza maji mdomoni, anayepewa anaketi mbele yake na kufungua shati, kisha anapuliziwa yale maji kifuani ndipo maneno yanasemwa. Yakishagusa kifua, kinyongo kimekwisha, hata kama aliyekiweka yuko kaburini. Yasipogusa, hakuna kilichofanyika.

Jumamosi ya wiki hiyo hiyo nilikwenda Mikumi. Baba alikuwa uani akichambua maharage, malori yakinguruma barabarani. Nilimwamkia kwa sababu hilo halina mjadala, na baada ya hapo adabu yangu iliishia.

"Baba, una dada. Ulitudanganya maisha yetu yote. Una dada, kazeeka, kapofuka, na ulimfukuza mama yenu mlangoni."

Aliweka ungo chini. "Nani kakwambia?"

"Nimekaa naye. Siwema, Masanze. Anataka uende akupe radhi ya mama yenu."

Nilitegemea atabisha, au atainuka kwenda kutawadha. Hakuinuka. Mzee huyo wa miaka themanini na minne aliniambia nisogeze kiti nikae.

"Siwema," alisema, "mimi siye Mudi."

Aliyonieleza nitayasema kwa ufupi, maana yeye aliyasema kwa ufupi. Jina alilopewa na wazazi wake ni Lupakisyo. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya Kilosa, mama yake akafia kambini. Alimaliza darasa la nne katika shule ya kambi na hakukuwa na nafasi ya la tano kwa mtoto wa mkata mkonge. Akawa anachota maji na kuosha vyombo nyumbani kwa Mwalimu Ditram. Mudi Kibwana alikuwa anapita pale jikoni kuomba ukoko, na wakila ukoko alikuwa anamsimulia habari za kwao. Za boga. Za dada yake Siwema, aliyembeba mgongoni mpaka akiwa mkubwa wa kuchekwa na watu.

"Ijumaa ile walikwenda kuchimba mchanga mtoni, wa kupaka sakafu upya, kwa kuwa mkaguzi anakuja," baba alisema. "Ukingo ukamwangukia Mudi. Walipomtoa alikuwa keshakufa, mchanga umejaa mdomoni. Mwaka ule alikuwa ameshakufa mmoja kwa homa, na Mwalimu alikuwa ameonywa: akifa mwingine, kazi huna. Tukamzika pale pale mtoni, jua bado kali. Kwenye gunia la mkonge. Mimi nilishika upande wa miguu. Watoto wa Kiislamu walitaka kumsomea dua, akawakataza wasitoe sauti."

"Halafu?"

"Halafu akaosha mikono, akanipa kaptula ya Mudi. Akaniambia, 'Kuanzia leo wewe ni Muhamedi bin Kibwana wa Masanze. Ukiitwa unaitika.' Jumatatu Mzungu akahesabu. Mimi nilikuwa wa arobaini na moja."

Niliukumbuka ukurasa wangu wa kwanza, ule wa kusomwa kabla ya kitu chochote.

"Na wale wengine sitini na tatu?"

"Walinyamaza. Aliwaambia atakayefungua mdomo anarudi kwao kulima. Nani angetaka kurudi kulima? Mimi mwenyewe nilitaka kusoma, Siwema. Usinifanye mtu wa kuonewa tu. Nilikuwa nalia kwa ajili ya Mudi na huku nafurahia daftari."

Kwa hiyo alikwenda msikitini na Waislamu, hajui hata kutawadha, akajifunza kwa kuwaangalia wenzake. Akaizoea dini ile, akaipenda, akaoa nayo, akatulea nayo. Swala zangu zote tano chanzo chake ni mstari mmoja katika rejista.

"Na mlango?" niliuliza.

Aliziba uso kwa viganja. "Mwalimu alinisimamisha nyuma ya mlango na fimbo yake. Akanipa la kusema. Yule mama akanisemesha Kisagara, sikuelewa hata neno moja. Nikarudia nililoambiwa. Nikamsikia analia. Mwishoni akasema kwa Kiswahili, kwa shida, neno moja moja, ili nielewe. Akasema, 'Wewe unayenijibu, radhi yangu huna.'"

Aliuokota ungo, akauweka tena chini.

"Kaka zako wawili walipokufa, nililikumbuka neno lile. Nyumba ya Ruaha ilipoungua, nililikumbuka. Nikikohoa nalikumbuka. Nilikupa jina la Siwema nikidhani labda itasaidia kitu. Kaburi nilikwenda kulitafuta miaka ishirini iliyopita, nikamsomee. Mto umekula ukingo wote."

Hapa naomba nisijipambe. Mimi, mwalimu wa historia, ninayewachapa watoto wakinakiliana, ndiye niliyesema, "Twende Masanze. Na usimwambie."

Alinitazama.

"Haoni," nilisema. "Anakufa. Amepata furaha moja katika miaka sabini. Ukienda kumwambia kwamba mdogo wake yuko mchangani tangu ana miaka kumi na mitatu, utakuwa umemponya au umemuua? Nenda, kaa mbele yake, afanye anachotaka kufanya. Yeye atakufa na amani na wewe utaipata radhi yako."

"Naitaka, Siwema," alisema polepole. "Sijawahi kutaka kitu kama hicho."

Tulikubaliana hivyo. Sikulala na wasiwasi wowote, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka.

Siku ya nne tulifika Masanze saa nne asubuhi. Bibi Siwema alikuwa amevaa kanga mpya, mkeka umefagiliwa, kata ya maji iko pembeni yake. Aliwaambia wajukuu wote watoke, tukabaki watatu.

"Shikamoo, dada," baba alisema, akapiga magoti kwa tabu.

"Marahaba, mdogo wangu." Alimpapasa uso kama alivyonipapasa mimi. "Umezeeka kama baba. Taya hili la baba kabisa." Nilitazama chini. "Hivi boga unalikumbuka?"

"Ulikuwa unaniachia ganda la juu," baba alijibu. "Wewe unakula mbegu."

Bibi alicheka kicheko kikubwa cha kike, cha msichana, mpaka akakohoa. Nami nikapumua. Nikajiambia imekwisha, imepita. Nilimwona baba akicheka naye, lakini mikono yake ilikuwa imelala mapajani kama ya mtu mgonjwa.

"Mama alikufa na kinyongo," bibi alisema. "Nami nilikiweka kama alivyoniachia. Sasa kiishe. Fungua shati."

Baba alifungua vifungo, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho. Kifua chake kilikuwa na mvi na mbavu zinahesabika. Bibi alitafuta kata kwa mkono, akainua, akajaza maji mdomoni. Mashavu yakavimba. Akamshika baba bega ili ajue kifua kiko wapi, akavuta pumzi kwa pua.

Baba akamshika mkono.

"Subiri, dada," alisema. "Mimi siye Mudi."

"Baba!" nilisema.

Aliniinulia kiganja, kama anavyonyamazisha darasa. Akaanza kusema. Bibi hakuweza kumjibu wala kumuuliza, maji yalikuwa mdomoni, na mtu akishayajaza hayo maji hayatemi hovyo. Alisikia yote akiwa hivyo. Lupakisyo, jiko, ukoko. Mchanga. Gunia. Jua kali. Watoto waliokatazwa kusoma. Kaptula. Mzungu na hesabu yake. Mlango. Baba alisema kila kitu bila kujitetea, kwa sauti ile ile ya kufundishia, na alipofika kwenye ukingo ulioliwa na mto alisimama kidogo, akamaliza. Mimi nilikuwa natazama yale mashavu. Tone moja lilitoka pembeni ya mdomo likashuka mpaka kidevuni. Machozi nayo yalikuwa yanashuka, na pua ilikuwa inahangaika kutafuta hewa.

Nilidhani atayameza, au atamtemea usoni. Ningemwelewa kwa lolote.

Alinishika bega mimi, akainuka. Alikuwa mzito kuliko nilivyotegemea, na ile miguu iliyovimba ilimpa shida, lakini tulifika mlangoni. Akanyoosha mkono hewani, akanipapasa kifuani, akaunyoosha tena. Nilielewa anauliza mto uko wapi. Nikamgeuza upande wa Mkondoa.

Akayapuliza yote, kwa nguvu, yakatawanyika nje juani. Akasema maneno marefu ya Kisagara ambayo sikuyajua, jina la Mudi likirudi tena na tena. Kisha akayasema kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu.

"Mudi, mama amekuridhia. Hukumjibu wewe, mdogo wangu. Hukumjibu wewe."

Nilimkalisha kizingitini, akawa anajipiga mdomo kwa kiganja. "Miaka sabini namruka kwenye hitma! Mtoto yuko mchangani, hana sanda, hana fatiha, na mimi dada yake niko hapa namnuna! Mama kamnyima radhi maiti! Sisi watu gani?"

Nilijaribu kumshika mikono. Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lao, kwamba kuna mtu aliyefanya haya na mwandiko wake ni mzuri ajabu, lakini mtu huyo alikufa zamani akiwa na nishani, na pale kizingitini nisingemfufua nimwajibishe.

Alipotulia niliisikia sauti ya baba nyuma yetu. Alikuwa bado amekaa pale pale mkekani, shati wazi. Kata ilikuwa bado na maji.

"Na mimi, dada?"

Bibi aligeuza uso kuelekea sauti ilikotoka. Hakuwa na hasira. Ningependelea angekuwa nayo.

"Siku ile mlangoni, mama alisema anamnyima radhi nani?"

"Mimi ninayemjibu," baba alisema.

"Na aliyemjibu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi hilo ni lako na yeye," alisema. "Mimi mama aliniachia la mdogo wangu tu, nalo nimelimaliza sasa hivi. Lako sina. Ningekuwa nalo ningekupa, maana umesema kweli na umri huu. Lakini sina." Akavuta kanga akajifuta midomo. "Wewe somo, Ijumaa uje, tumsomee mtoto. Baba yako mrudishe kwake, njia ni ndefu."

Baba hakuomba mara ya pili. Alibaki vile vile, anaitazama kata. Nilipiga magoti mbele yake nikaanza kumfunga vifungo, kuanzia cha chini, na nilipofika juu vidole vyangu viligusa kifua chake. Kilikuwa kikavu kabisa. Nikamfunga na cha mwisho, nikamwinua, tukatoka.